Paka Anayekanyaga Mkia Wake

Asalaam alaikum, na habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja na joto hili la kaskazi. Wenye vipepeo endeleeni kujipepea, maana feni ya huku mbele imegoma.

Nikija hapa nimempita paka kwenye baraza, kajinyoosha, ubavu mzima sakafuni, anatafuta ubaridi wa saruji. Leo nawaletea habari za ndugu yake ambaye kwao huo ubaridi wa chini ndio adui. Anaitwa manul. Anaishi nyika za Mongolia, Tibet, Kazakhstan, mpaka Iran: nchi kavu, za juu, ambako Mongolia, kwa mfano, baridi hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Sisi Tanga kipupwe kikituletea nyuzi 20 tunaulizana shuka zito liko wapi.

Aliyemwandika wa kwanza katika sayansi ni Mjerumani Peter Simon Pallas, mwaka 1776, akiwa kazini Urusi. Ukimwona utadhani ana kilo kumi. Wapi! Mkubwa hufika kama kilo 4 na nusu, sawa na huyu wetu wa barazani. Kilichobaki ni manyoya. Na hayo manyoya yana akili: ya tumboni ni marefu karibu mara mbili ya yale ya mgongoni, kwa kuwa ardhi aliyoikalia imeganda. Akisimama huuleta ule mkia mnene mbele, akaweka nyayo juu yake, kama mtu aliyetandika mkeka.

Mzee mmoja ameninong'oneza hapa kwamba paka wa baridi bila shaka anapenda theluji. Haipendi, mzee wangu. Miguu yake mifupi. Theluji ikizidi kina cha sentimeta 15 hadi 20 inamshinda, kwa hiyo hukaa kwenye miamba na mabonde ambako upepo umeifagia. Mbio pia hana. Mbwamwitu au tai akitokea, manul hujilaza bapa chini, anatulia, na rangi yake ya kijivu inakuwa jiwe miongoni mwa mawe. Masikio yake yamekaa chini, pembeni mwa kichwa. Anachungulia juu ya mwamba bila ncha ya sikio kuonekana.

Chakula chake kikubwa ni pika. Msicheke, akina mama, hahusiani na jikoni: ni mnyama mdogo, jamaa ya sungura, ingawa utamdhania panya. Manul humvizia hatua kwa hatua, au humngoja mlangoni kwa shimo lake. Yeye mwenyewe shimo hachimbi. Huhamia lililoachwa na marmota, jamaa mnene wa kindi anayechimba ardhini, akawa mpangaji asiyelipa kodi. Taabu ni kwamba wafugaji wa huko wanamwona pika anamaliza majani, anawekewa sumu, na manul anakosa riziki.

Dada pale nyuma ameuliza kama anafugika. Tanga asingemaliza mwaka. Kuna kimelea, toksoplasma, kinachosambazwa na kinyesi cha paka. Kwenye ubaridi mkavu wa kwao hakutani nacho sana, hivyo mwili haujakizoea. Kwenye bustani za wanyama kimeua watoto wengi wa manul wakiwa wachanga. Huyu wa barazani pengine anacho, na hana habari. Nilipompita, hata mkia hakutikisa.