Tansio, presha na "damu mbaya": fildi yangu ya kiangazi huku Marekani

Habari zenu jamani, wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na nyie wa Muscat mnaoniangalia usiku wa manane. Leo sijajipamba. Nipo ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka hapa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, na joto ni la Tanga kabisa ila upepo wa bahari ndio haupo.

Wengi mmeniuliza: "Dada, zile programu za kiangazi za afya ya jamii, za wanafunzi weusi, Walatino, watoto wa wahamiaji, na mimi niliye huku nyumbani naweza kuomba?" Nijibu upesi tusipotezeane muda. Nyingi huwezi. Zinataka uraia au grinikadi, na uwe tayari unasoma chuo huku. Tena pesa hawachukui, wao ndio wanaokupa posho. Kwa hiyo huyo anayekuomba laki tatu "akuunganishe", achana naye.

Ninaowasemesha hasa ni nyie wenye mtoto wa dada, wa kaka, wa shangazi, aliyekuja huku na wazazi kwa bahati nasibu ya viza au kwa ukimbizi. Mtoto anasoma vizuri, kiangazi kikifika anapakia maboksi ghalani. Mpigieni simu. Mwambieni programu hizi zimekuwapo kwenye vyuo vya Columbia kule New York, Michigan, na UCLA kule California, kwenye taasisi ya Kennedy Krieger ya Baltimore, na hapa Atlanta Project Imhotep ya chuo cha Morehouse, wiki 11. Maombi hufungwa mapema, Januari au Februari, wakati watu bado wanavaa makoti. Na athibitishe kwanza kama ipo mwaka huo, maana nyingi zinategemea bajeti ya serikali.

Mwaka wa kwanza mimi nilikataliwa. Waliomba insha ya kujieleza, nami nikaandika nilivyofundishwa shuleni: "YAH: MAOMBI YA NAFASI. Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu." Kwa Kiingereza, lakini ndiyo hiyo hiyo. Mshauri wangu chuoni alipoisoma akaniuliza, "Wewe uko wapi humu ndani?" Sikumwelewa. Kwetu mambo ya nyumbani huyaaniki kwa mgeni. Kumbe walitaka kujua hayo hayo: kwamba tangu nina miaka 13 nilikuwa mkalimani wa mama hospitalini, nasimama katikati ya mama na daktari nikitafuta neno la Kiswahili la kitu ambacho hata kwa Kiingereza sikijui.

Hiyo Imhotep ina hadithi yake. Kuanzia 1932, kule Tuskegee, Alabama, Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 hivi, 399 kati yao wana kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wenyewe. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", maana ndivyo watu wa pale walivyoita maradhi mengi tofauti, hata uchovu na upungufu wa damu. Mnaona ujanja huo? Walichukua neno la wananchi wakawafungia nalo macho. Penisilini ilikuwa dawa ya kawaida ya kaswende kufikia 1947, hawakupewa. Mchezo ukaenda hadi 1972. Miaka ya 60 mtakwimu mmoja kijana, mweusi, Bill Jenkins, aliyekuwa kwenye idara hiyo hiyo, aliligundua akajaribu kupiga kelele, hakusikilizwa. Akarudi shule, akasomea epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea kwenye jamii, na baadaye ndiye aliyeianzisha Imhotep, ili humo ndani wawepo watu wengi wa kuuliza maswali. Alifariki 2019.

Mimi niliingia mwaka wa pili, programu nyingine, na jina lake silitaji kwa sababu nina la kuwasema. Tulipelekwa fildi kwenye maghorofa ya wakimbizi, wengi Wakongo, tuna dodoso la Kiswahili. Swali la 7: "Je, umewahi kuambiwa na mtoa huduma kuwa una shinikizo la juu la damu?" Mama mmoja wa Uvira, ghorofa ya tatu, akafikiri sana, akasema hapana. Nikaweka tiki. Akaniletea chai. Naweka kikombe mezani, naona boksi la amlodipini, limebaki nusu.

"Mama, hii dawa ni yako?"

"Iyo njo dawa ya tansio, binti yangu. Miaka ine sasa."

Nilikaa kimya. Kwetu tungesema presha, kwake ni tansio, Kifaransa kile. Hilo "shinikizo" labda alidhani ni polisi. Nikahesabu nyumba nilizokwishapita na "hapana" zangu zote, mwili ukaniisha nguvu.

Nikampelekea msimamizi. Akaniambia tafsiri imeshaidhinishwa, haibadilishwi katikati ya utafiti. Siku tatu tulibishana, kwa heshima, mnanijua. Mwishoni wakakubali tulisome swali kama lilivyo, kisha tuongeze kwa mdomo: "yaani presha, tansio." Nikazirudia zile nyumba kwa miguu, jua la Julai. Za "ndiyo" zilizoongezeka zilijaza ukurasa mzima wa daftari langu, na yule mama wa Uvira akacheka aliponiona tena mlangoni: "Umesahau nini?"

Haya, betri inakata. Mwenye mtoto huku amwambie aanze insha sasa, asingoje Januari. Akitaka niipitie, anitumie, sitozi kitu. Ila ikianza na "YAH" namrudishia hapo hapo.