Kiti cha Jaji Hague Hupatikanaje?

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa sheria, hamjambo.

Hapa Nairobi ukitaja Hague, wengi hukumbuka kesi zilizofuata ghasia za uchaguzi wa 2007. Ile ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inayoshtaki watu. Leo nawaletea Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ya Umoja wa Mataifa, ambako mdai ni nchi na mdaiwa ni nchi.

Tunaijua kwa uchungu. Mwaka 2014 Somalia ilitushtaki kuhusu mpaka wa baharini. Sisi tulidai mstari unyooke kuelekea mashariki, sambamba na latitudo. Somalia ilidai mstari wa katikati, wenye umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Kati ya mistari hiyo kulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 100,000 za bahari. Tulipinga mamlaka ya mahakama, tukashindwa mwaka 2017. Kesi iliposikilizwa Machi 2021, tukasusia. Oktoba 12 hukumu ikasomwa: hakuna mpaka tuliowahi kukubaliana, mstari wa katikati ukachukuliwa, ukasogezwa kidogo kaskazini kwa faida yetu. Serikali ikaikataa.

Wengi walilalamika kwamba Abdulqawi Yusuf, raia wa Somalia, alikuwa miongoni mwa majaji. Uchungu huo nauelewa, ila sheria haimwondoi jaji kwa sababu ya uraia wake. Upande usio na raia wake pale huruhusiwa kuteua jaji wa kesi hiyo pekee. Kenya ilimteua Gilbert Guillaume, Mfaransa aliyewahi kuwa rais wa mahakama hiyohiyo. Hilo halikusemwa vya kutosha huku nyumbani.

Majaji ni 15, kila mmoja kwa miaka 9, na hakuna wawili wa uraia mmoja. Kila baada ya miaka 3 viti 5 hupigiwa kura. Baraza Kuu na Baraza la Usalama hupiga kura wakati mmoja, kila moja kivyake, na mgombea lazima apate wingi kamili kote kuwili: kura 97 kati ya 193, na 8 kati ya 15. Kura ya turufu, ile inayowawezesha wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, Uingereza ikiwemo, kuzuia uamuzi, haitumiki hapa! Ndiyo maana mwaka 2017 Uingereza ilimwondoa mgombea wake baada ya Baraza Kuu kumpendelea Dalveer Bhandari wa India, ikabaki bila jaji kwa mara ya kwanza tangu 1946. Kwa nchi kama yetu, huo ndio mlango wa maana kuliko yote pale Umoja wa Mataifa.

Udhaifu uko kwenye utekelezaji. Mahakama haina polisi, na anayepuuza hukumu hushtakiwa kwa Baraza la Usalama, ambako turufu inarudi. Hata hivyo Nigeria, yenye nguvu kuliko Cameroon, iliamriwa mwaka 2002 kuiachia jirani yake rasi ya Bakassi, na baada ya mazungumzo marefu ikaondoa majeshi yake mwaka 2006.

Novemba 2025 Profesa Phoebe Okowa alichaguliwa, Mkenya wa kwanza katika mahakama hiyo, na kiti alichokijaza ni kile alichokiacha Yusuf. Muhula huo unaishia Februari 2027. Nawasihi mfuatilie kura za kuwachagua majaji hao kwa makini mnayoyatumia kufuatilia za hapa nyumbani.

Karibuni maswali.