Wepesi wa Tiepolo umo ndani ya chokaa

Ndugu zangu, bado nasikia yale yale: kwamba Rokoko, ule mtindo wa sanaa wa karne ya 18, ikiingia kwenye Biblia inaleta wepesi, hariri na mapambo, imani inabaki mlangoni. Basi twendeni Udine, Italia, kwenye jumba la Patriaki, ambako Giambattista Tiepolo alichora kati ya 1726 na 1729 kwa agizo la Patriaki mwenyewe, askofu mkuu Dionisio Dolfin. Mtazameni Sara akiambiwa na malaika kwamba atazaa. Kikongwe, amepiga magoti, meno yamebaki machache. Mapambo yako wapi? Mtanionyesha ile kola pana shingoni. Kola hiyo ni ya karne ya 16, ilikwisha kupitwa na wakati Tiepolo mwenyewe akiwa hajazaliwa. Amemzeesha Sara kwa uso, akamzeesha tena kwa vazi.

"Lakini rangi zimepauka!" Hapo ndipo mnaponichosha, maana mnamhukumu mchoraji bila kuugusa ukuta. Ile ni chokaa. Mawe yanachomwa, chokaa inazimwa kwa maji, inalazwa miezi mingi hadi iwe laini kama siagi. Huchanganywa na mchanga, kwa kawaida sehemu moja kwa mbili. Lipu ya kwanza huachwa na mikwaruzo ili ya juu ishike. Ile ya juu, nyembamba, hupigwa asubuhi kwa kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, kisha rangi iliyosagwa kwa maji matupu hupakwa ikiwa mbichi. Hakuna gundi. Chokaa inavuta hewa ya ukaa, inageuka jiwe, na rangi inafungwa humo. Ukiwahi mno, brashi inachimba lipu. Ukichelewa, rangi inakauka juu juu na kesho inafutika kwa kidole kama vumbi. Kosa halifutiki: unabandua kipande chote na kupiga lipu upya.

Chokaa pia huchagua rangi. Udongo mwekundu, wa manjano na wa kijani huivumilia. Azuraiti, buluu ya jiwe lililosagwa, haistahimili, hupakwa baadaye kwa gundi, na ndiyo hubanduka kwanza. Weupe ni chokaa yenyewe, basi mwanga mnaouita wepesi unatoka ndani ya ukuta.

Sasa tafuteni mishono. Kipande cha leo hulalia ukingo wa kipande cha jana, kwa hiyo mfuatano wa siku unasomeka. Mulikeni taa kutoka ubavuni, sambamba na ukuta. Ikiwa mbele, hamtaona kitu.

Raheli aliyekalia vinyago vya baba yake Labani, picha nyingine ya jumba hilo, anastahili saa nzima, nami sina hata dakika tano. Nguzo na fremu za kuchorwa ni za Gerolamo Mengozzi Colonna, msimhesabie Tiepolo. Mkifika kwa Raheli, anzeni kwa kutafuta mshono kuzunguka kichwa.