Uliza Kwanza Hela Inaitwaje

Kamwene! Waliokuja hapa Mafinga kunisikia juu ya kima cha chini, poleni. Leo nimekuja na lilelile la kila Mei Mosi: kabla hujauliza unalipwa shilingi ngapi, uliza hizo hela zinaitwaje.

Kuna anayenong'ona kule nyuma, "Jina halinunui unga." Subiri, ndugu yangu.

Kijana mmoja alikuwa kwenye kiwanda cha mbao hukuhuku kwetu, kiwanda sikitaji. Alipokea elfu kumi kwa siku, akitamba kwamba wenzake wa jirani wanapata elfu nane. Mkataba alisaini amesimama kando ya msumeno, bila kuusoma. Ndani yake elfu nne ndiyo mshahara wa msingi. Elfu sita zilizobaki zote posho: posho ya usafiri (naye anaishi mkabala na geti!), posho ya chakula, na "posho nyinginezo", nadhani ya kumeza vumbi.

Basi, akibakizwa saa za ziada, sheria ya ajira ya 2004 inataka alipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Wa msingi, jamani! Posho hazimo. Moja na nusu ya elfu nne ni elfu sita kwa kipimo cha siku nzima, wakati kiwango chake cha mchana ni elfu kumi. Kwa hiyo saa ya jioni, mgongo umeshakufa, ililipwa kidogo kuliko saa ya asubuhi. Na kwenye saa hizo za ziada mwajiri hajavunja kifungu hata kimoja! Sikukuu ni mara mbili: elfu nane. Bado haijafika kumi.

Baada ya miaka sita kazi ikapungua, wakapunguzwa. Kiinua mgongo kwa sheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Siku 42 mara elfu nne: 168,000. Zile elfu kumi zote zingeitwa mshahara, angeondoka na 420,000. Haya, wewe wa unga, 252,000 zinanunua magunia mangapi?

Mtu wa uhasibu atawaambia posho inamnusuru mfanyakazi na kodi. Nimelisikia hilo mpaka limenichosha. Posho nyingi zinakatwa kodi vilevile. Anayenusurika ni mwajiri. Sisemi posho ni haramu. Ukitumwa Makambako ukalala huko, posho ni haki yako, maana umeingia gharama. Ila posho ya kwenda mahali unapofanya kazi kila siku, kwa kazi ileile ya kila siku, huo ni mshahara uliovalishwa kanzu.

Mnadhani mchezo huu ni wa viwandani tu? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu wagombea kutoa "takrima". Pilau ileile, kitenge kilekile, lakini hongo ikapata jina la ukarimu wa mgeni. Mpaka 2006 Mahakama Kuu ndipo ikaitupa nje. Tumbo la mpiga kura halikuona tofauti yoyote kati ya majina hayo mawili. Sheria iliiona.

Wenzetu wa kahawa kule Mbozi: malipo ya pili si bonasi. Bonasi mtu anakupa akipenda. Malipo ya pili ni kipande cha bei yako kilichosubiri mauzo, unakidai ukiwa umesimama wima. Ada na michango ya shule nilitaka kuigusa, lakini mwenyekiti anatazama saa. Mama yangu, swali lako la vibarua wa chai wanaolipwa kwa kilo ni zito, tutalizungumza nje.

La haraka: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, haikungoji mpaka hasira ziishe. Umeachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kupeleka lalamiko. Mgogoro mwingine, siku 60. Na kila malipo yaje na karatasi yenye mchanganuo. Hiyo ni sheria, usiiombe kama msaada.

Waliokuja na mikataba wasogee hapa mbele. Msinionyeshe jumla. Nionyesheni mistari ya posho.