Dema lilitegwa lini?

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nieleze jinsi gesi ilivyoingia kwenye miamba ya bahari kuu, kule ambako Tanzania ilianza kuipata mwaka 2010 katika kisima cha Pweza. Baadaye wakaja Chewa na Jodari, kisha kitalu cha jirani, yaani eneo jingine la kutafutia gesi, kikaleta Zafarani, Lavani na Tangawizi. Ukisoma ramani ile kabla ya chakula cha mchana unaweza kuzimia. Leo katika futi za ujazo trilioni 57 za gesi ya Tanzania zinazotajwa kila mara, zaidi ya 47 ziko huko.

Mtaniwia radhi nikianza na dema. Mvuvi anayejua kazi yake hutega dema kabla samaki hawajapita. Samaki wakiwa walipita jana, hata ukitega mahali pazuri namna gani, utaopoa maji. Sisi tunachimba, tunakuta mchanga mzuri, juu yake tope gumu lisilopitisha kitu, umbo la mtego halina kasoro, na ndani yake maji ya chumvi. Gesi ilipita mwamba ukiwa haujakunjwa bado. Kisima kimoja cha bahari kuu hula makumi ya mamilioni ya dola, kwa hiyo saa hiyo ya kupita gesi tunaitafuta kwanza kwenye kompyuta.

Tuanze na jiko, yaani mwamba chanzo, ambamo gesi hupikwa. Ni tope lililobeba mabaki ya viumbe na mimea. Kwa pwani yetu wengi wanauwazia kwenye tabaka za Jurasiki, za enzi ambayo Madagaska ilikuwa inabanduka hapa na kuteleza kwenda kusini. Tope likizikwa hupata joto. Kati ya nyuzi 60 na 120 hivi za Selsiasi hutoa mafuta. Likizidi hapo, hata mafuta yenyewe huvunjika ikabaki gesi.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hunikosea kila mwaka. Nawauliza: joto la nyuzi 100 liko kina gani, kama linapanda nyuzi 30 kwa kila kilomita? Wanaanza kuhesabu juu ya mawimbi. Maji hayahesabiwi! Zafarani ilichimbwa penye maji ya mita 2,500 na ushei, na sakafu ya bahari kule ina nyuzi tatu au nne, baridi ya friji. Kutoka sakafu hiyo unahitaji kilomita 3.2 za miamba. Kisiwani Songo Songo, ambako juu ya ardhi ni nyuzi 27, kilomita 2.4 zinatosha. Tofauti ni mita 800 za tope. Likirundikana mita 50 kila miaka milioni, saa yako imekosea kwa miaka milioni 16.

Programu ya kompyuta tunayoitafutia saa hiyo hubandua tabaka moja moja kuanzia juu, hufumua zile zilizoshindiliwa, kisha huzirudisha kwa mpangilio wake huku ikihesabu joto. Joto la zamani ndilo linalotusumbua. Mwaka 1978 mwanajiofizikia Dan McKenzie alionesha kwamba ganda la dunia likivutwa likawa jembamba, joto hupanda, halafu hupoa polepole kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ushahidi tunaupata kwenye vipande vya mimea vilivyomo ndani ya mwamba: kadiri vilivyoiva ndivyo vinavyong'aa chini ya hadubini. Pasipo vipande hivyo, zile rangi nzuri za kompyuta msiziamini sana.

Gesi ikishatoka jikoni hupanda, maana ni nyepesi kuliko maji. Hutambaa chini ya dari ya tope mpaka ikwame. Mtego ukijaa, inamwagikia wa juu yake. Mwanajiolojia William Gussow aliandika mwaka 1954 kwamba gesi ikikuta mafuta mtegoni hukaa juu na kuyasukuma chini, mpaka yatoke pembeni yaendelee na safari.

Modeli yangu ya kwanza ilijaza mtego ukafurika. Nilifurahi wiki nzima, hadi mwalimu aliponiuliza mtego una umri gani. Ulikuwa mdogo kiumri kuliko gesi niliyouwekea.

Mama hapa mbele anauliza, mbona tumepata gesi na si mafuta? Gesi ile ni kavu, karibu methani tupu. Wapo wanaosema jiko limeunguza: nyanda za Afrika Mashariki zilipoinuka, mito ilimwaga matope mengi baharini, chanzo kikazikwa zaidi. Lakini methani hutengenezwa pia na vijidudu, ndani ya tope changa lenye baridi, pasipo jiko lolote, na kaboni yake huwa nyepesi zaidi, maabara huipima. Ikithibitika kwamba sehemu kubwa ni ya vijidudu, mama, itabidi nifute jiko lote nililokuchorea hapa na kuanza saa upya.

Haya, yule kijana wa nyuma alinyoosha mkono muda mrefu.