Paka wa Ghalani, Mbwa wa Getini
(Mhadhara kwa mameneja na maofisa wa wafanyakazi, Nakuru)

Hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya kuleta wanyama kazini, nikacheka kidogo, maana wako kazini zamani. Nani hapa ana ghala la mahindi lisilo na paka? Basi.

Wenzetu Marekani wamelipima jambo hili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth walitoa matokeo yao kutoka kampuni moja ya vyombo vya mezani huko Greensboro, North Carolina, ambako mtu huruhusiwa kuja na mbwa wake. Waliokuwa na mbwa wao walisema msongo ulipungua kadiri siku ilivyosonga; wenzao ukapanda. Hata mwenye mbwa, siku aliyomwacha nyumbani, ulimpanda vilevile. Lakini vipimo vya mwili havikuonyesha tofauti ya maana. Nalitaja hilo kwa sababu wauza semina hulipita haraka.

Mimi nasoma hivi: aliyepata nafuu ni mtu aliye na mbwa wake mwenyewe, anayemjua na kumhangaikia. Mbwa wa mwenzako si dawa yako. Na sisi wengi wetu mbwa tulimjua kupitia kibao cha “Mbwa Kali”. Kuna mtu ofisini kwako aliyeng'atwa akienda shule, na hadi leo akisikia kubweka mikono humtoka jasho. Kuna Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambaye nguo ikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na adhuhuri imekaribia. Hawa usiwaulize kwenye mkutano. Watasema “sawa tu”. Waulize faraghani.

Halafu kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu unaoletwa na mbwa, na hilo linahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Kwa hiyo kadi ya chanjo kwanza, mapenzi baadaye. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone mbwa atafanya nini.

Ila mimi ningeanzia getini, si ofisini. Juzi nilimuuliza askari wa usiku wa ghala moja hapa mjini mbwa wake anaitwaje. Uso ukamng'aa. “Simba. Saa tisa usiku, daktari, huyu ndiye ninayeongea naye.” Ugali wa Simba hutoka mfukoni mwake; kwenye vitabu vya kampuni, mbwa hayumo. Nikauliza kadi ya chanjo. Askari akasema ni kazi ya ofisi; ofisi ikasema mbwa ni wa askari.

Meneja yeyote mwenye geti na mbwa, naomba anijibu hilo kabla hatujaenda chai.