Paka ni Mwenyeji, Mbwa ni Mgeni: Mhadhara kwa Wafugaji wa Kigoma na Ujiji

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee, akina mama, na vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, hamjambo. Leo tunazungumzia namna ya kumleta mtoto wa mbwa kwenye nyumba ambayo tayari ina paka.

Kiswahili kikitaka kutaja uadui husema paka na panya. Mbwa hatajwi pale, na ni haki yake. Mtoto wa mbwa hazaliwi akimchukia paka. Wanagombana kwa sababu mbili: hawaelewani lugha, na uani pamebanana.

Sisi wa Kigoma tayari tuna nafuu moja. Kuanzia Ujiji hadi Mwanga na Gungu, nyumba nyingi zina utaratibu wake: paka ndani, mbwa nje. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, lakini paka huzunguka jikoni bila shaka yoyote. Kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanywa na mila. Inabaki uani, penye jiko la mkaa, kamba ya nguo na turubai la dagaa, mahali ambapo wawili hawa lazima wakutane. Na hapo kanuni ni moja: anayefundishwa ni mtoto wa mbwa. Paka hafundishwi. Paka hupewa njia ya kupanda.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa paka ni kinyume, mgeni akija mwenyeji ndiye anayeugua. Atakojoa kwenye mkeka, atahamia kwa jirani, ataacha kula. Hilo la kuacha kula msilichezee. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa, hata kama hakuna aliyemgusa.

Mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na wiki 8. Ukipewa wa wiki 5 kwa sababu mwenye mama yake amechoka na kelele, mwombe akae naye kidogo. Zile wiki tatu ndizo anazofundishwa na ndugu zake kung'ata kwa kiasi: aking'ata sana, mwenzake hulia na mchezo hufa. Asiyepata somo hilo atamng'ata paka kwa nguvu zote huku akidhani anacheza. Tena, yale anayoyazoea kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi hayamtishi wala hayamshangazi ukubwani. Paka naye awe miongoni mwa hayo.

Siku tatu au nne za kwanza wasionane kabisa. Chukua kipande cha kanga kuukuu, msugue paka mashavuni taratibu, maana mashavuni ndiko anakotoa harufu ya kuweka alama ya kwake, kisha kitandike anapolala mbwa. Kipande kingine mfutie mbwa, ukiweke karibu na sahani ya paka. Usiweke chini ya sahani, atasusa chakula. Halafu walishe pande mbili za mlango uliofungwa. Anza kila sahani ikiwa mita mbili kutoka mlangoni, na kila siku isogeze kidogo. Paka akivuma au akiacha sahani, umekwenda haraka. Irudishe ilipokuwa jana.

Kukutana kwenyewe kufanyike jioni jua likishapoa, mbwa akiwa ameshakula, ameshakojoa na amechoka kucheza. Wawepo watu wawili. Mmoja anashika mbwa kwa kamba ya mita moja na nusu, ilegee, kwa sababu kamba inayovuta humfanya mbwa avute zaidi. Wa pili anakaa tu. Paka aje mwenyewe. Msimbebe mikononi kumpeleka "akasalimie". Akishtuka atapanda kichwani kwa aliyembeba, na kucha zake mnazijua. Dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wengi husubiri mbwa amkimbize paka, kisha wanamchapa. Mbwa hajui umemchapa kwa kukimbiza. Anachojua ni kwamba paka akitokea, yeye huumia, na kesho atamchukia zaidi. Na kukimbiza kwenyewe ni utamu: hata usimpe kitu, mbio zile zimeshamlipa. Kwa hiyo kazi yako ni kabla ya mbio. Chemsha ini, likate vipande vya ukubwa wa haragwe. Mbwa akimtazama paka, mwite jina. Akigeuza kichwa kukuangalia, mpe kipande papo hapo. Hulipii kumtazama paka, unalipia kumwacha. Ukiona amekaza mwili, mdomo umefunga, masikio mbele na hapepesi macho, hata kumwita umeshachelewa. Mwondoe kwa kamba bila kelele, umpeleke mbali hadi aweze kukusikia.

Kuhusu lugha. Mbwa akitikisa mkia mwili mzima ukiyumba, ana furaha. Paka akipiga mkia huku na huku, amekasirika. Mbwa akiinua mguu wa mbele anaomba mchezo, paka akiinua anakaribia kupiga. Mbwa akilala chali mara nyingi amesalimu amri, ila paka aliyebanwa akilala chali ameweka silaha zote nne tayari. Mtoto wa mbwa anapoinamisha kifua na kuinua makalio anasema "tucheze", na paka anasoma "nitakurukia". Hakuna mwenye kosa. Ila anayepoteza jicho ni mbwa. Akifumba jicho moja, likitoa machozi au likiwa na ukungu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Msitumie dawa ya macho iliyobaki kabatini: zile zenye steroidi hukuza kidonda cha jicho mpaka likatoboka.

Njia ya juu. Mwiteni fundi seremala, au yeyote mwenye msumeno na misumari. Ubao wa upana wa sentimita 25 upigiliwe ukutani kwenye kimo cha mita moja na nusu, kisha ubao mwingine, mpaka dirisha la stoo au kenchi la paa. Muhimu uwe na milango miwili, wa kupandia na wa kutokea. Ubao mmoja ulioishia kwenye kona ni mtego. Paka atakaa juu, mbwa atabweka chini, na wote watajifunza ubaya. Chakula cha paka kiwe huko huko juu. Beseni lake la choo, lenye mchanga wa ziwani kina cha vidole vinne, liwe ndani ambako mbwa hafiki. Mtoto wa mbwa hula mavi ya paka kama karanga, samahani kwa mlio karibu na chakula cha mchana. Anapata minyoo, na paka aliyevamiwa chooni hulihama beseni na kwenda uvunguni. Beseni lisafishwe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma huhitaji siku moja au zaidi kwenye mavi kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Chakula. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili ale mara nne kwa siku, akifika miezi minne mara tatu, miezi sita mara mbili. Ugali laini na dagaa unafaa, lakini dagaa wale walioanikwa mchangani waoshwe mpaka maji yatoke meupe, na waliotiwa chumvi waloweke kwanza. Mawese kidogo tu, yakizidi anaharisha. Unga uliovunda usimpe kwa kisingizio kwamba ni mbwa. Sumu ya kuvu kwenye mahindi huua ini lake kama inavyoua la mtu. Paka hawezi kuishi kwa ugali. Mwili wake unahitaji nyama au samaki kila siku, kwa sababu hautengenezi taurini ya kutosha, na akiikosa hupofuka na moyo hudhoofika. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, basi dagaa wa paka wapewe pamoja na mchuzi wao, usio na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu huharibu damu ya wote wawili.

Kuna jambo tunalitaja kwa uchungu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, unayopimiwa kwenye chupa ya soda, watu humpaka mbwa kuua kupe. Nyingi zina sipamethrini au amitrazi. Mbwa anaweza kuhimili ikichanganywa sawasawa. Paka, hasa zile za jamii ya sipamethrini, ini lake haliwezi kuzivunja. Anamlalia mbwa aliyepakwa jana, anajilamba, anatetemeka na kutoa mapovu, anakufa. Nunua dawa ya kupe iliyoandikwa kwamba inafaa kwa paka pia, au mtoe mbwa kupe kwa mkono kila jioni, masikioni na katikati ya vidole. Na panadol msimpe paka kamwe. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Dawa ya minyoo na chanjo kwa haraka. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kipimo kwa uzito. Mweke kwenye beseni juu ya mizani ya duka, utoe uzito wa beseni. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili yanayoua watoto wa mbwa, ianze wiki ya 6 hadi ya 8, irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa miezi mitatu, mbwa na paka wote, kisha mwaka unaofuata. Ikija kampeni mtaani, peleka hata mdogo wa chini ya hapo, naye arudiwe baadaye. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Najua swali litakalofuata: lini niwaache peke yao? Si kwa kuhesabu wiki. Ni pale paka anapopita chini, taratibu, mkia wima, na mbwa anainua kichwa na kukilaza tena, siku kumi mfululizo bila kamba kukazwa. Hata hivyo, kati ya mwezi wa 6 na wa 12 mbwa huvunja ungo, na mbio zinaweza kurudi. Rudini kwenye kamba na ini. Na msishangae mbwa wenu anayelala na paka wa nyumbani akimfukuza paka wa jirani hadi juu ya mwembe. Yeye alijifunza paka mmoja. Huyo wa jirani hajamfahamu.